Barua Moja, Mashine Tatu

Anwani yangu ni moja, mashine ni tatu.

Ya zahanati ya mifugo, hapa Tacuarembó,
imejaa vumbi la chanjo na manyoya ya ng'ombe;
herufi N imegoma tangu msimu wa ndama,
basi mimi Nibia kila siku natia sahihi: ibia.
Ya nyumbani iko jikoni, jirani ya kibuyu cha chai chungu.
Ya tatu iko kwa mama, shambani,
huko mtandao hupanda kwa waya wa simu
ukipiga miluzi kama mtu anayeita mbwa asiye wake.

Miaka miwili ile ya zahanati iliniibia kweli.
Ikiamka asubuhi huchota kila kilichoingia usiku,
hukomba mpaka ukoko, haibakizi hata salamu.
Jikoni nafungua: kweupe.
Kwa mama nafungua: kweupe,
na mama, mkono kidevuni: "Wáshington hajaandika?"
Kaandika, mama. Kaandika kurasa mbili.
Ziko mjini, kilomita sitini, ndani ya mashine iliyozimwa,
ofisi imefungwa, leo Jumapili.
Namsimulia kwa kichwa, mianya naiziba kwa uongo mdogo:
machungwa ya Valencia, mwenye nyumba mkorofi, mafua.

Ndipo Maicol wa duka la simu, miaka kumi na tisa,
akaja na bisibisi ambayo hakuitumia.
Akabofya mara tatu, akatia alama kwenye kisanduku
kisichozidi punje ya mchele:
"Acha nakala kwenye seva."
Akakataa malipo, akachukua biskuti.

Hakuniambia kwamba mashine hazisimuliani.
Kila moja hudhani ndiyo ya kwanza kujua.

Jumanne, zahanati, kwa herufi nene nyeusi:
"Dada, sirudi tena. Muuzeni yule farasi."
Nikaisoma nimesimama, glavu mkononi. Nikafuta.
Usiku, jikoni, ileile, nene, nyeusi,
kana kwamba haijasomwa na mtu duniani.
Moyo, mjinga, ukashtuka upya. Nikafuta.

Siku tano nikapanga namna ya kumwambia mama:
baada ya mvua, baada ya meno yake mapya,
nianze na farasi, au nisianze kabisa.

Jumapili waya ukapiga mluzi.
Mama akavuta kiti; miwani kaiacha chumbani,
maneno hayaoni, anaona weusi tu.
"Hiyo nyeusi," akaigusa kwa kidole chenye unga,
"si ndiyo mpya?"

Nje farasi alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya lango.

"Ndiyo," nikasema. "Mpya."
Na ilikuwa mpya.