Bila Wanga

Mimi ndiye niliyempigia pasi mashati.
Miaka kumi na mmoja, Burbank, chumba cha mavazi,
mashati manane kwa siku, wanga wa kutosha,
naye mlangoni na fulana yake, akingoja,
akisema, "Asante, Bi Araksi,"
kana kwamba nimempa figo.

Verlin Tostrud, mtoto wa baridi.
Kwao Dakota ya Kaskazini, alinieleza,
ng'ombe hupumua moshi
na watu huongea kwa zamu, mmoja kila msimu.
Baba yake alihubiri Jumapili katika kanisa la mbao,
siku sita zilizobaki akauza mbegu za ngano.
Miaka minne, juu ya kasha la soda,
Verlin aliimba wimbo wa Pasaka;
akasahau ubeti wa tatu, akaurudia wa kwanza
bila haya, na waumini wakalia vilevile.
"Hapo ndipo nilipojifunza biashara," alisema.
Ndio mzaha wake pekee ninaoukumbuka.

Hamsini na sita ikatoka santuri yake,
ule wimbo wa taa iliyoachwa inawaka barazani.
Wasichana waliinunua. Muujiza haukuwa huo.
Muujiza ni kwamba mama zao waliwapa pesa.

Kisha filamu sita.
Mara mwalimu, mara mwanajeshi wa likizo,
mara daktari wa mifugo anayeimbia ndama.
Katika ya nne, mwongozaji akamtaka ashike sigara.
Asivute. Ashike tu.
Verlin akaomba udhuru, akatoka nje,
akarudi na penseli.
Itazame leo: mchumba amekwenda, mvua inanyesha,
na mwanamume amesimama dirishani
akiihuzunikia penseli.
Watu huvunjika mbavu.
Mimi nilikuwa nyuma ya kamera na pini mdomoni;
nilikiona kidole kikitetemeka.

Mnaniuliza kama alikuwa safi kweli.
Mpiga pasi hafichwi kitu.
Nilizikagua kola zile, naam, mimi ni binadamu,
nikitafuta rangi ya mdomo.
Nilikuta jasho. Nilikuta makombo ya biskuti za mkewe Ardis.
Na mara moja, kwenye kingo ya mkono wa kushoto,
wino: namba ya simu ya Memphis.

Wimbo wa taa haukuwa wake.
Ulitungwa na Cleotha Tarver, mtu mweusi,
dereva wa lori la barafu,
aliyeurekodi mwaka mmoja kabla
kwa sauti yenye changarawe ndani.
Redio hazikumfungulia.
Verlin akaupangusa jasho, akaufunga tai,
ukapita mlango wa mbele.
Tarver alipata dola sabini na tano.

"Nilipiga," Verlin aliniambia, nikimshonea kifungo.
"Mkewe akapokea. Nikataja jina langu.
Akasema, tunakujua, mwanangu, tunakusikia kila siku.
Kisha akanyamaza.
Nyuma yake niliisikia redio.
Nilikuwa mimi."

Sikujua la kusema. Nikakata uzi kwa meno.

Zikaja nywele ndefu, zikaja gitaa zenye kelele,
santuri zake zikarudi ghalani kwa makasha.
Akatangaza siagi ya karanga.
Akaimba kwenye maonyesho ya kilimo, Iowa,
baada ya mashindano ya nguruwe, kabla ya bingo,
na ule mstari wa nywele bado umenyooka kama reli,
ila treni zilikuwa zimepungua.
Hakulalamika. Au alilalamika kwa Mungu,
na Mungu hanisimulii.

Mara ya mwisho alikuja dukani kwangu, Glendale.
Kengele ya mlango ikalia; nikaona mzee
ameshika shati jeupe kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.
"Mazishi," akasema. "Memphis. Bi Tarver.
Binti yake ameniandikia."
"Utaimba?"
"Hapana. Wameniomba nikae tu. Safu ya nyuma."
Akalaza shati juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja.
"Usitie wanga, Araksi."

Hakusema Bi.
Nikalipiga kavu, polepole,
yeye akilivaa palepale, kati ya makoti ya watu.
Kola haikusimama.
Miaka yote ile, sikuwahi kuiona shingo yake.