Ganda Tupu

Uwanja wa shabaha wa Kodiak uko nyuma ya jalala.
Kunguru wamezoea milio, hawaruki tena.
Mimi ndiye ninayeruka.

Kila Mei, kabla hatujapelekwa mitoni kuhesabu samoni,
Orval Brandvold hutupanga mstari mvuani
na kumkabidhi kila mmoja rivolva yake ya dubu.
Yangu ni nyepesi, titani, chuma cha ndege.
Muuzaji aliisifu: hutaisikia kiunoni.
Kweli, kiunoni siisikii.
Nitaisikia kiganjani mpaka Jumatano.

Maana bastola nzito hulimeza teke lake yenyewe;
nyepesi hukupa lote, haibakizi tone.
Wajuaji wana dawa zao.
Dessa huvaa glavu za baiskeli zenye jeli.
Tuomas kang'oa mpini wa mti, kaweka wa mpira,
mnene kama muhogo.
Yule kijana wa Anchorage hufanya mazoezi kwa risasi za baruti haba;
zile kali, asema, kamwekea dubu mwenyewe,
siku hiyo hatasikia maumivu.
(Siku hiyo, nadhani, hata dubu hatasikia.)

Orval hana dawa. Ana maneno machache
na kidole gumba kilichopinda, hasemi kwa nini.
"Shika juu kabisa. Viwiko vilegee.
Usishindane nayo. Iache ipande, itarudi nyumbani."
Nikaiacha ipande. Ikapanda hadi kwenye kofia.
Ngozi kati ya gumba na shahada ikachunika,
masikio yakalia chini ya vizibo,
risasi zikatua matopeni, hatua tatu mbele ya dubu wa karatasi,
ambaye, kwa nilivyomwona mimi, alikuwa akitabasamu.

"Lete," Orval akasema. Akanigeuzia mgongo,
akaijaza mwenyewe, akanirudishia.
Ya kwanza: ngurumo.
Ya pili: ngurumo.
Ya tatu nikabana macho, nikavuta —

tik.

Tik tu. Wala moto wala moshi.
Na mtutu, mbele ya watu wote,
ukachota hewa kwenda chini kama kijiko.
Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nimejipiga mwenyewe.
Alitia ganda tupu kati ya risasi nzima,
na ganda lile likanianika.

Wahenga walishasema juu ya aliyeumwa na nyoka,
anavyoshtuka akiona ung'ongo.
Hawakusema habari za anayeshtuka
kabla hata ung'ongo haujaonekana.

Usiku, bwenini, nilikaa kitandani, rivolva tupu,
sarafu ya senti tano juu ya mtutu.
Nikavuta. Ikaanguka. Nikavuta. Ikaanguka.
Dessa akaguna, akageukia ukutani.
Mara ya themanini na kitu sarafu ikakaa,
nami nikaogopa kupumua.

Usinielewe vibaya, sikugeuka mlengaji.
Kesho yake nilifaulu kwa alama moja,
nikatia saini fomu kwa mkono wa kushoto,
herufi za mtoto wa chekechea.

Julai, kwenye uzio wa kuhesabia,
dubu jike alitokeza majanini, hatua ishirini,
samoni mdomoni bado anapigapiga mkia.
Nikashika juu kabisa. Viwiko vikalegea.
Akanitazama vile watu wanavyomtazama karani
dirisha likiwa limeshafungwa,
kisha akapita zake, akadondosha magamba.

Sikufyatua.
Nikairudisha alani, nikafungua daftari:
samoni elfu nne mia moja na kumi na wawili.
Wakatao uzio, hakuna. Dubu, mmoja.
Hapo, kwenye nukta, ndipo mkono uliporushwa juu
na kalamu ikachana ukurasa:
teke zima, la risasi
ambayo mpaka leo imo tunduni mwake.