Kioo Si Akiba

Kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate wa gramu mia nne,
kiko juu ya kabati la vyombo, Kahawa West, ghorofa ya tatu,
mbali na jiko, mbali na bomba linalovuja,
kinakoroma kama paka aliyeshiba.
Ndani mna harusi mia mbili na kumi na nne.
Hakuna hata moja yangu.

Mulei ndiye aliyekileta, ndiye aliyekifunga.
Diski mbili, akaniambia, kila moja kioo cha mwenzake:
kinachoandikwa kushoto kinaandikwa kulia papo hapo,
moja ikifa, nyingine haijapoteza neno.
Alisema hivyo akikaza skrubu kwa ncha ya kisu cha nyanya.
Nikamwamini. Nilikuwa nahariri keki ya watu wa Githunguri,
ngazi saba, na bwana harusi anapiga chafya.

Mwezi wa tatu akaondoka na begi moja na nywila.

Ndipo nilipogundua: msimamizi alikuwa yeye.
Mimi niliandikwa mgeni.
Miaka minne, mgeni juu ya kabati langu.

Nyuma kuna kitundu, chembamba kuliko jicho la sindano.
Nikanyoosha pini ya nywele, nikabonyeza,
nikahesabu moja, mbili, tatu, nne,
kikalia mara moja, kikasahau nywila yake.
Harusi hazikuguswa.
Msimamizi: Kwamboka.
Nywila: ndefu kama hotuba ya mjomba wa bibi harusi.
Nilipoondoa akaunti ya Mulei kikaniuliza kwa adabu,
Je, ufute na folda yake?
Risiti za stima. Goti lake lililovimba.
Sauti yangu nikicheka kitu nisichokikumbuka.
Nikabonyeza Baadaye.

Agosti taa ya kushoto ikageuka rangi ya chungwa.
Luthuli, kwa Abdirizak, diski inashikwa kama yai:
Hii ya bei ya kuruka achana nayo, dada,
imekesha miaka mitano ikitazama geti la mtu.
Nikalipa ile ghali, nikaipakata hadi nyumbani.
Kujijenga upya, kikasema: saa kumi na tisa.
Nikaingiza tarakimu ishirini za tokeni,
nikakataza pasi, nikakataza birika,
nikalala kwenye kochi nikisikiliza.
Asilimia sabini na moja, mtaa mzima ukazimika.
Kibetri kikalia, pii, pii,
dakika kumi na moja, nikikihesabia pumzi kama mgonjwa.
Kisha friji ikashtuka. Sabini na mbili.

Chebet, harusi ya themanini na nane, alipiga jioni:
Futa yangu. Yote.
Nikafuta.
Na hapo ndipo kioo kinapokuwa kioo tu:
ukifuta huku, kule nako kunafutika
kwa uaminifu uleule, sekunde ileile.
Hakiulizi kama umelia kwanza.

Wiki sita, akapiga tena. Sauti nyingine.
Baba amefariki, si unajua alicheza pale mwisho,
kofia mkononi, sekunde kama tatu hivi?

Mulei hakunifundisha hili; nilifundishwa na harusi ya tisa,
ile niliyoipoteza, ambayo bado nikikutana na mama yao
pale Roysambu navuka barabara.
Kila Jumapili ya kwanza nabeba diski ya tatu
hadi Rongai, kwa shangazi Bosibori,
imefungwa taulo, ndani ya sufuria iliyokosa kifuniko.
Yeye anadhani ni dawa ya mtu.
Nikaifuata siku ya kazi, mvua ikinyesha.

Sekunde zilikuwa nane, si tatu.
Nimemtumia. Alama mbili, za buluu.
Hajaandika kitu, nami sijauliza.

Usiku nikakagua yaliyomo, mstari kwa mstari,
kama msimamizi anavyopaswa.
Folda ya Mulei imo pia.
Kushoto, kulia, na Rongai.