Kipande Kilichobaki

Fundi Shekue ameniuliza mara mbili:
nipunguze kweli? Vidole vinne kila ubavu?
Kisha akatazama chini, futi shingoni,
kama mtu anayeshona sanda
na mwenyewe amesimama mbele yake.
"Pole, Bi Mwanatumu," akasema.
Sikuwa na msiba.

Miezi kumi na mitatu naamka kabla ya adhana,
nakanda unga wa mahamri ya watu, naufunika,
navaa raba chini ya buibui
nashika njia ya Shela, bahari kushoto.
Nikirudi, unga umepanda,
mimi nimeshuka.

Vichochoro vya mji wetu ni vyembamba,
punda wawili wenye mizigo hawapishani,
lakini neno hupita na shehena yake
bila kugusa ukuta.
"Mwanatumu kaisha."
"Ni ule ugonjwa."
"Mume kaoa Mokowe, ndiyo anayayuka."
"Mtu mzima na raba! Anamkimbia nani?"
Harusini kwa kina Famau walinisogezea sinia,
wakasubiri, wakihesabu matonge.
Nilikula. Tena nilikula vizuri.
Wakanong'onezana: "Mgonjwa akikaribia, hula hivyo."

Sitasema hayakuniuma.
Kuna juma zima sikutoka.
Raba chini ya kitanda, mimi juu yake,
nikala mahamri yaliyoungua pembe,
yale yasiyouzika, sita kwa mpigo,
nikijiambia huku si kula,
ni kuepusha hasara.

Mama yangu aliambiwa mashaallah miaka ishirini.
Mashaallah, mke wa mtu anayejiweza.
Mashaallah, uso kama sahani ya kaure.
Na sukari imeshafika kidoleni, inapanda taratibu,
mgeni asiyebisha hodi.
Mguu wake wa kulia ulitangulia kaburini
umeviringishwa shuka nyeupe,
kaka yangu kaubeba kama mtoto mchanga.
Mama akabaki nyuma yake miaka miwili,
kila jioni akiuliza:
"Kule mguuni kwangu, mmemwagia maji?"
Kwa unene barazani walikuwa na maneno mengi.
Kwa mguu hawakuwa nalo hata moja.

Basi wa barazani nawapa salamu, napita.
Ngazi za nyumba yetu ni ishirini na sita.
Nazipanda na ndoo ya maji,
na juu nabaki na pumzi ya kumgombeza mjukuu.
Hilo ndilo jibu langu.
Hawalisikii.

Ila shangazi Zuhura si wa barazani.
Yeye alinivuta jikoni, akarudisha mlango,
akanipima kifundo cha mkono kwa vidole viwili.
"Ndoo, mwanangu. Nambie kweli.
Mato haya yamezika wengi walioanza hivi."
Hapo nikaelewa: kinywani mwake "umekonda" si jiwe.
Ni mwanamke anayehesabu wafu wake
na hataki kuongeza.
Sikumjibu kwa hasira.
Nilipandisha mkono wa kanzu, nikakunja kiwiko,
nikamwambia: bonyeza.
Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu,
kama mtu sokoni anayeshuku muhogo.
"Huu msuli wa nani?"
Wangu, shangazi.
Akacheka mpaka akakohoa,
kisha akanipakulia wali wa nazi, mlima.
Nusu nikala.
Nusu tukagombana.

Leo nimekwenda kuchukua buibui langu.
Fundi amenikunjia na vile vipande alivyokata,
viwili, virefu, vyeusi.
Hakutaka kuvitupa.
"Huenda ukarudi," akasema,
na najua alikuwa ananiombea dua.
Nimevishona pamoja usiku huu, kwa mkono,
mfuko wenye kamba ya kukazia.
Raba zinaingia zote mbili,
kwa kubanana.