Tundu la Kifungo

Miaka thelathini na moja, Barabara ya Nane, Ngamiani,
nimetoboa nguo za watu
na kuzuia tundu lisichanike:
uzi zungusha, uzi zungusha, fundo, kata kwa jino.
Kwa hiyo Daktari Sempombe alipochora mbavu zangu
nyuma ya karatasi ya maabara
na kuweka nukta tatu kwa kalamu ya buluu,
nilimuuliza swali la kazi:
Upana gani?
Akacheka. Kama kifungo cha koti, Bi Mwanahija.
Nikamwambia vifungo vya koti vina namba.

Maradhi yalianzia chini, kwenye mfuko wa mayai,
kisha maji yakapanda kifuani bila hodi.
Wiki tatu nalala nimekaa,
nimeegemea robota la vitenge vya wateja,
pumzi naihesabu kama chenji.

Dada yangu Mwanakheri alitaka nipasuliwe tumbo siku ile ile,
kitolewe chote, kwishe.
Daktari akasema: kwanza tuchungulie juu.
Kuna kiwambo, alisema, kinachotenga tumbo na mapafu.
Kiwambo nakijua.
Babu yetu wa Pongwe aliwamba ngoma,
akiinua ngozi ya mbuzi juani kutafuta kitobo.
Kikiwa hata cha ncha ya sindano
ngoma hukohoa.

Wakanilaza ubavu.
Pafu moja likaambiwa lipumzike,
na kijicho chenye taa kikapenya baina ya mbavu.
Hayo nimesimuliwa. Mimi sikuwepo.

Picha nilionyeshwa kesho yake.
Sikuona moyo wa subira wala wa hofu.
Niliona kitambaa cha waridi, kibichi, kinameta,
na juu yake chenga,
chenga za mchele zilizomwagwa na mtu mwenye haraka,
upande huu wa kiwambo.

Tumbo hatujaligusa, akasema.

Mwanakheri akajifunika kanga usoni,
akidhani nimeachwa.
Mimi nilielewa kabla yake.
Nguo ngapi nimeziua ujanani
kwa mkasi uliotangulia futi!
Kwanza dripu, mizunguko mitatu,
kisha wapime tena, ndipo wajue
kama kuna cha kukata, na kiasi gani.
Hakuniahidi. Nami sikumwomba aahidi.

Maji waliyanyonya, lita mbili na robo,
wakapuliza unga wa jiwe lile lile
la chaki yangu ya kuchorea,
ili pafu lishikane na ukuta wake
kama bitana na koti.
Hapo nilicheka mpaka mbavu zikanikanya.

Jana usiku nimelala chali,
mara ya kwanza tangu mfungo tano.
Alfajiri nikapapasa nyuzi chini ya plasta.
Mbili safi.
Ya tatu ameivuta mno.
Nitamwambia akipita.