Kilobaiti Mia Tatu

Hatua arobaini kutoka lango la Kisutu,
kwenye kibaraza cha duka la kudurufu,
ninachapa viapo, hati na wosia.
Laptopu yangu ina umri kuliko ndoa yangu
na imevumilia zaidi.
Kitufe cha M kimeng'oka, nabonyeza kipele cha mpira:
mahakama, mirathi, mlalamikaji,
lugha hii haiendi bila M.

Lusekelo, fundi wa ghorofani Mtaa wa Aggrey,
hakuniuzia kumbukumbu mpya.
"Dada Sikudhani, mashine yako haikosi misuli,
inakosa watoto wa kutumwa dukani."
Akachomeka flashi iliyofungwa kamba ya kiatu,
akanipandishia vijiprogramu vinne,
hakuna kinachozidi kilobaiti mia tatu,
vyepesi kuliko picha moja ya harusi.

Kimoja huipaka skrini rangi ya chai ya maziwa
magharibi ikiingia, macho yasiwashe.
Kimoja hulia kama kuku anayetaga
betri ikishuka asilimia ishirini,
maana umeme wa hapa hauagi.
Cha tatu husaka mafaili pacha,
kikanionyesha aibu yangu:
kiapo_mwisho,
kiapo_mwisho_kabisa,
kiapo_mwisho_haki_ya_Mungu.

Na cha nne, jina lake hadi leo silitamki vizuri,
kimejikunyata kulia chini, karibu na saa,
kama mtoto chini ya meza ya wakubwa,
kinaokota kila ninachonakili, kila ninachokata.
Lusekelo alikisifu kwa neno moja:
"Hakisahau."

Jumanne akaja Bi Mwantumu Mwinyimvua wa Magomeni,
macho yana ukungu, sauti haina.
Mwanawe Pazi kamshikia mkoba.
Akanitamkia wosia polepole, kama anayehesabu chenji:
"Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani,
ni cha Chausiku,
aliyenifulia mashuka miaka mitatu."
Nikachapa. Akainuka kwenda kutia udhu.

Pazi akainama.
"Mama amechoka. Hilo la chumba litoe,
nyumbani tumeshaelewana."
Noti ya elfu kumi ikaingia chini ya kipanya,
taratibu, kama barua chini ya mlango.

Nikalikata.
Sitasema nililazimishwa.
Kidole kilikuwa changu.
Sentensi ikatoweka, mistari ya chini ikapanda
ikaziba pengo, karatasi ikawa safi,
ungedhani Chausiku hajawahi kufua kitu.

Bi Mwantumu akarudi, maji yanamdondoka viwikoni.
"Haya, mwanangu, nisomee."

Nikatazama pembe ya skrini.
Nikakigusa kile cha nne, kikafunguka:
namba ya kesi ya mtu wa Tandika,
namba ya simu ya kulipia luku,
na juu kabisa, bado mbichi,
chumba cha mbele, mlango wa barabarani,
mashuka, miaka mitatu.
Hata nukta yake ipo.

Ningeweza kuichapa upya, kichwani nilikuwa nayo.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku.
Nilikuwa nayo yote, neno kwa neno,
na bado nilingoja kitu cha kilobaiti mia tatu
kikumbuke kabla yangu.

Nikabandika.
Nikasoma kwa sauti, hadi wa foleni ya pasipoti saizi
wakageuka.
Pazi akakagua kamba za viatu vyake.
Mama yake akasikiliza, akatikisa kichwa mara moja,
akanyoosha dole gumba atiwe wino.

Ile noti hakuna aliyeidai.
Ilikaa chini ya kipanya mpaka Ijumaa,
mshale ukiteleza kombo kila nikisogeza mkono.
Nikampelekea Lusekelo.
"Ya nini hii? Vile nilikupa bure."
Nikamwambia nataka kitufe cha M.