Karatasi ya Alhamisi

Kila Alhamisi, alasiri ikishaswaliwa,
Kassu huingia dukani kwangu Langoni
na karatasi moja, mbele na nyuma, mwandiko wa muuguzi
uliojifunza kusomeka.
"Nakala arubaini, Mwanamkuu.
Na wino usiukoze, pesa ni za mchango."
Mashine inakoroma, inapitisha mwanga wake wa kijani,
nami naisoma ya kwanza ingali moto.

Sikuanza kwa kupenda. Nilianza kwa kungoja:
mashine hii hukwama kwenye ya kumi na saba
na macho hayana pa kwenda.
Ndivyo nilivyojua kwa nini kuta zetu za matumbawe
hutoka jasho mvua ikikaribia
(ni chumvi, imo ndani ya jiwe tangu jiwe likiwa baharini,
na chumvi haijaacha kiu yake),
na kwa nini punda hulala amesimama.

Shule niliiacha kidato cha pili.
Nilitoka na neno moja, densiti,
nikalihifadhi kama ufunguo
wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.
Uzito juu, ujazo chini, mstari katikati.
Tulinakili. Nilipata nane juu ya kumi
na sikuelewa hata tone.

Kisha kaka yangu Shee akatia pampu kisimani kwetu Shela.
Mwezi haukuisha, nyanya akaonja chai, akaitema:
"Mai yamengia munyu."
Fundi akalaumu bomba. Jirani akalaumu jicho.
Karatasi haikumlaumu mtu. Ilisema:

*Chini ya mchanga wa Shela mvua imelala juu ya bahari.
Hazijachanganyika sana. Tamu ni nyepesi, ya chumvi ni nzito,
basi moja imejinyoosha juu ya mwenziwe
kama tui juu ya mchuzi uliotulia.
Ukiteka kwa ndoo, ya chini haina habari.
Ukivuta kwa pampu, huinuka kuuliza kuna nini.*

Na pale mwisho, kama kawaida yao:
*Usituamini. Chukua gilasi.*

Nikachukua. Maji ya chumvi, rangi ya biriani kidogo,
halafu maji matamu, polepole, juu ya mgongo wa kijiko.
Yakakaa. Wallahi yakakaa,
meupe juu, manjano chini, mpaka kama uzi.
Nikatia mrija, nikavuta taratibu: meupe.
Nikavuta kwa pupa,
na ile manjano ikapanda kama kidole.

Shee aliitazama gilasi. Hakusema kitu.
Kesho yake pampu ilikuwa darini, imevikwa gunia.

Mimi nilibaki na mrija mkononi.
Densiti, nikasema, hakuna mteja wa kunisikia.
Kumbe nyumba ipo. Kumbe ina hata maji.

Nawajua wote sasa. Kassu wa zahanati,
Mbwarali fundi wa mafriza,
Bi Swafiya, mkunga mstaafu, mgomvi kuliko wote.
Wana sharti moja: neno lisilopita
kwa mamake Mbwarali halipiti kwenye karatasi.
Nimewasikia wakizozana saa nzima juu ya "chembe".

Lakini siku niliyowapenda hasa ni ile ya Mfungo Sita,
mstari wa kwanza, herufi kubwa:
TULIKOSEA.
Mtoto wa Matondoni, mchunga punda, aliwatumia salamu:
punda husinzia amesimama, ndiyo,
ila usingizi mzito ataulalia chini,
na yeye amewakuta hivyo alfajiri, ubavu mchangani,
miguu ikicheza kwenye ndoto.
Wakamtaja jina, Lali bin Famau, miaka kumi na moja.
Wakamwomba alete mengine.

Ni nani mwengine mjini humu
amewahi kuniandikia "tulikosea"?
Si ofisi ya ardhi. Si mume wangu wa kwanza.

Basi hutoa arubaini na moja.
Ile moja nailipa mwenyewe, naitia kwenye faili la bluu
chini ya risiti za kodi.

Leo wameandika juu ya kutu.
Imekwama, ya kumi na saba.
Sina haraka.